Mfuko Ulioahidiwa Kudumu: Historia ya Silikoni katika Vifua vya Wanawake

Katika zama za utawala wa Waingereza mji wa Isiolo ulikuwa mlango wa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, na mlango huo ulikuwa na bawabu mkali. Msafiri hakuruhusiwa kupita kwenda Marsabit, Wajir wala Moyale bila ya kibali cha serikali. Na ng'ombe wa Waborana na wa Wasomali hawakuruhusiwa kuteremshwa kwenda masoko ya nyanda za juu mpaka wakae kwanza katika karantini, wachunguzwe na waganga wa mifugo, na idhihirike kwamba hawana homa ya mapafu wala maradhi mengine ya kuambukiza. Sheria ile ilikuwa na dhuluma yake, kwa maana ilitungwa kuyakinga makundi ya walowezi zaidi kuliko kumnufaisha mfugaji, na hasara aliyoipata mfugaji kwa kungoja haikulipwa na mtu. Walakini ndani yake mlikuwa na kanuni moja ambayo hapana mwenye insafu awezaye kuikana, nayo ni kwamba kiingiacho kuchanganyika na viumbe hai sharti kijulikane asili yake, kichunguzwe kabla ya kupita, na kiandikwe daftarini, ili kikizusha udhia baadaye kiweze kufuatwa nyuma mpaka kilikotoka.

Historia ninayokusudia kuisimulia ni ya kitu ambacho, katika karne hiyo hiyo, kilipita milango mingi ya dunia bila ya kusimamishwa, kikatiwa katika vifua vya mamilioni ya wanawake, na madhara yake yakafahamika baada ya kuwa kimekwisha kukaa humo miaka mingi: mfuko wa silikoni uwekwao ndani ya titi. Huenda msomaji wa Isiolo akadhani kwamba jambo hili ni la watu wa Marekani na Ulaya, wenye mali na faragha ya kujishughulisha na maumbile yao. Naandika kwa yakini kwamba linamhusu na yeye. Saratani ya matiti ndiyo igunduliwayo zaidi kuliko saratani nyingine zote miongoni mwa wanawake wa Kenya, na kulijenga upya titi lililokatwa kwa mfuko huo ni mojawapo ya njia ambazo matabibu wanazo. Fauka ya hayo, wanawake wa kaskazini wamo leo katika miji ya Ghuba, ya Ulaya na ya Amerika, ambako upasuaji wa namna hii hufanywa kila siku, na mwili wa msafiri hurejea nyumbani pamoja na kila ulichowekewa.

Shauku ya kulitengeneza titi ni ya zamani kuliko silikoni. Mwaka 1895 Vincenz Czerny, mpasuaji wa Heidelberg huko Ujerumani, alichukua uvimbe wa mafuta kutoka mwilini mwa mgonjwa wake akaupandikiza mahali pa nyama aliyoiondoa katika titi la mgonjwa huyo huyo. Na hiyo ilikuwa njia ya hekima, maana mwili ulirudishiwa kilicho chake. Miaka michache baadaye Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga chini ya ngozi mafuta mazito ya jamii ya parafini, na desturi hiyo ikaenea Ulaya na Asia kabla ya watu kungoja kuona mwisho wake. Mwisho wake ulikuwa mbaya: madonge magumu, vidonda visivyopona, na wakati mwingine mafuta yale kuingia katika mishipa ya damu na kwenda kuziba mapafu au kupofusha macho. Hapo tayari sura ya kisa chote ilikuwa imekwisha kuchorwa, kwa kuwa kitu kilisifiwa kwa jinsi kilivyoonekana siku ya kutiwa, na hukumu ya kweli ikaja baadaye sana kwa maumivu ya aliyetiwa.

Silikoni yenyewe asili yake ni mchanga. Mchanga wa kwatzi ukipitishwa katika moto mkali hutoa kitu ambacho wanakemia hukiunganisha na kemikali nyingine wakapata mafuta, jeli na mpira visivyooza, visivyoungua kwa wepesi, wala visivyopatana na maji. Frederic Kipping, profesa wa kemia wa Nottingham, Uingereza, aliyachunguza maungano hayo tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa hadi uzeeni mwake, asitaraji kwamba yangekuwa na manufaa makubwa kwa wanadamu. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoyapa kazi. Mwaka 1943 kampuni mbili za Marekani, Dow Chemical na Corning Glass, ziliunda kampuni ya tatu, Dow Corning, katika mji wa Midland, jimbo la Michigan, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa dawa ya kukinga mitambo ya injini za ndege isiingiwe na unyevu huko angani.

Vita vilipokwisha, silikoni ya majimaji ilianza kudungwa moja kwa moja katika matiti ya wanawake wa Japani waliokuwa wakitafuta riziki kwa askari wa Kimarekani walioikalia nchi yao. Wadungaji wengine waliichanganya na mafuta makusudi, ili nyama ichokozeke na kufanya kovu litakaloizuia isihame. Nayo ilihama. Iliteremka tumboni, ikaingia kwapani, ikafanya madonge ambayo daktari hakuweza kuyatenga na saratani kwa kugusa. Na wanawake wengine walikatwa matiti yote mawili kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuitoa. Desturi hiyo ilivuka bahari ikafika Marekani, na jimbo la Nevada, ambako ilishamiri mno, likalazimika kuipiga marufuku kwa sheria katika miaka ya 1970.

Hapa historia hii inapita katika nchi yetu kwa njia ambayo wachache wanaikumbuka. Mwaka 1957 wapasuaji watatu wa kutengeneza viungo walianzisha huduma ya madaktari warukao kwa ndege katika Afrika ya Mashariki, ile ambayo baadaye ilikua ikawa AMREF yenye makao yake Nairobi. Wa kwanza alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na kulima chini ya Kilimanjaro. Wa pili Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyepata sifa kuu kwa kuzijenga upya nyuso za marubani walioungua vitani. Na wa tatu Thomas Rees, Mmarekani wa New York. Upasuaji wa kutengeneza viungo uliingia kwetu kwa mikono ya watu hao kama kazi ya kuponya: mtoto aliyeungua motoni, midomo iliyozaliwa imepasuka, mchungaji aliyeraruliwa uso na fisi. Katika huduma hiyo hiyo ndimo alimofanya kazi Anne Spoerry, yule Mfaransa aliyeendesha ndege yake mwenyewe kwenda Lamu, Marsabit na Turkana, na ambaye watu walimwita Mama Daktari.

Huyo Thomas Rees, aliporudi kwenye kazi yake New York, alikuwa miongoni mwa madaktari wachache waliochunguza kwa makini nini huupata mwili udungwapo silikoni ya majimaji. Yeye na wenzake waliidunga katika panya, wakatazama athari zake mahali ilipotiwa na katika viungo vya mbali, wakachapisha waliyoyaona katika miaka ya 1960. Na kwa wagonjwa ambao nyama za uso zilikuwa zimenyauka upande mmoja waliitumia kidogo kidogo, wakawafuata kwa muda wa miaka kumi, na mwaka 1973 wakatoa taarifa ya miaka hiyo yote. Simsifu Rees kwa kuitumia dawa ambayo wengine wangeiogopa. Namsifu kwa kuwa hakuwaacha wagonjwa wake baada ya kufunga jaraha, na kama desturi hiyo ingefuatwa na wengine, sehemu kubwa ya machungu yatakayofuata katika simulizi hii isingekuwapo.

Huko Houston, Texas, daktari kijana Frank Gerow alikuwa ameshika mfuko wa plastiki wa damu, na ulaini wake ukamtia katika fikira kwamba huenda silikoni isitiwe mwilini ikiwa huru, bali ikiwa imefungiwa ndani ya mfuko wa mpira wa silikoni. Yeye na mkubwa wake, Thomas Cronin, waliipeleka rai hiyo kwa Dow Corning, na mfuko ukatengenezwa. Aliyejaribiwa kwanza alikuwa mbwa jike aitwaye Esmeralda, aliyekaa nao wiki chache tu mpaka ukaondolewa kwa sababu alikuwa akitafuna mshono wake. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1962 mfuko huo ulitiwa kwa mara ya kwanza katika mwanadamu, naye alikuwa Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita, ambaye alikwenda katika hospitali ya Jefferson Davis kuondolewa chale za wino kifuani. Madaktari ndio waliomwuliza kama angekubali kutiwa mifuko ile. Yeye shauku yake ilikuwa kurekebishwa masikio yaliyochomoza, na wakakubaliana kufanyiwa yote mawili. Aliishi na mifuko hiyo mpaka uzeeni, na kisa chake amekisimulia mwenyewe hadharani.

Mwaka uliofuata Cronin na Gerow walitangaza kazi yao mbele ya mkutano wa wapasuaji, na biashara ikafunguka. Tazama jinsi ushahidi ulivyokuwa mdogo: mbwa mmoja kwa wiki chache, na wanawake wachache kwa miezi. Hapakuwa na sheria ya Marekani iliyomtaka mwenye kutengeneza kifaa cha kutia mwilini athibitishe usalama wake kabla ya kukiuza. Wanawake waliambiwa kwamba mfuko utadumu maisha yao yote, nao hawakuwa na sababu ya kutosadiki.

Sasa yafaa nieleze kwa utulivu nini hutokea mfuko huo upasukapo, maana jambo hili limesemwa kwa vitisho na watu wengine na kwa dharau na wengine, na mgonjwa hanufaiki na vitisho wala dharau. Mwili wa mwanadamu ukipata kitu cha kigeni usichoweza kukitoa, hukizungushia kovu, likawa kama mfuko wa pili nje ya mfuko wa kwanza. Kovu hilo kwa wengine hubaki laini. Kwa wengine hukaza mwaka hadi mwaka mpaka titi likawa gumu, likaharibika umbo na kuuma. Mpira wa mfuko nao huchakaa, hasa pale unapojikunja. Au huwa ulitiwa jaraha dogo na chombo cha mpasuaji siku ile ile ya kwanza. Au hupasuka kwa pigo. Mifuko ya miaka ya 1960 ilikuwa na mpira mnene. Ile ya miaka ya 1970 ilifanywa myembamba ili titi liwe laini mkononi, na ndiyo iliyopasuka kwa wingi.

Ukipasuka, mara nyingi mwanamke hajui. Lau ungekuwa umejazwa maji ya chumvi, kama mifuko mingine ilivyo, maji yangefyonzwa na titi likasinyaa kwa siku chache, na kila mtu akaona. Lakini jeli ya silikoni ni nzito, haiyeyuki, haifyonzwi. Hukaa pale pale imezuiliwa na lile kovu, na titi likaendelea kuwa na sura yake, ilhali ndani mpira umekwisha kubomoka na kuelea katika jeli kama utepe uliokunjamana. Madaktari wa picha huiita dalili ya tambi, na chombo kiionyeshacho vizuri kuliko vyote ni mashine ya MRI. Mkono wa daktari hauwezi kuihisi katika wagonjwa wengi, na picha ya mamografia aghalabu huipita bila ya kuiona.

Kovu likitoboka, jeli hutoka nje na mambo hugeuka. Huingia katika nyama ya titi na kufanya madonge. Hufuata mikondo ya limfu mpaka kwenye tezi za kwapani, zikavimba na kukaza. Na kwa nadra huteremka katika mkono au katika ukuta wa tumbo. Mwanamke huweza kuhisi moto, maumivu, uvimbe, titi moja kubadilika umbo lisifanane na mwenziwe. Ugumu ulio mkubwa kuliko wote ni wa kutambua, maana donge la silikoni katika titi na tezi ya silikoni kwapani hujifananisha na saratani iliyoenea. Na katika nchi zetu za kaskazini, ambako kifua kikuu kimeenea, daktari amwonaye mwanamke mwenye tezi ngumu kwapani hana budi kufikiria kifua kikuu cha tezi kabla ya kitu kingine. Asipoambiwa kwamba kuna mfuko kifuani, hapana kitakachomfanya afikirie silikoni, na mgonjwa huweza kuanzishiwa dawa za miezi sita kwa maradhi asiyokuwa nayo. Tiba yake ni upasuaji: kuutoa mfuko na jeli, pamoja na kovu pale iwezekanapo kwa usalama. Jeli iliyokwisha kutapakaa katika nyama hutolewa kwa taabu, na mara nyingine haiwezi kutolewa yote ila kwa kuikata nyama yenyewe.

Bunge la Marekani lilitunga sheria ya vifaa vya tiba mwaka 1976, lakini vifaa vilivyokuwa sokoni tayari viliachwa viendelee kuuzwa, na mfuko wa silikoni ukiwa mmojawapo. Mwaka 1984, mbele ya mahakama ya San Francisco, Maria Stern wa Nevada, ambaye mifuko yake ilikuwa imepasuka, alishinda kesi dhidi ya Dow Corning. Baraza la wazee wa mahakama liliona kwamba palikuwa na udanganyifu, likaamuru alipwe fidia pamoja na dola milioni 1.5 za kuiadhibu kampuni. Wakili wake alikuwa amepata nyaraka za ndani ya kampuni zilizoonyesha kwamba watumishi wake wenyewe walikuwa na wasiwasi juu ya mifuko ile. Basi ingetarajiwa nyaraka hizo zisomwe na kila mpasuaji na kila mwanamke mwenye mfuko. Badala yake mapatano yaliyofuata yalizifungia kwa amri ya mahakama, zikakaa gizani miaka mingine, na katika miaka hiyo wanawake wengine waliendelea kutiwa mifuko kwa ahadi zile zile. Katika historia yote hii sioni kosa zito kuliko hilo. Kutojua mwaka 1962 kulikuwa na udhuru wake. Kujua na kufungia makaratasi hakuna udhuru.

Mwishoni mwa 1990 televisheni za Marekani zilianza kuwasikiliza wanawake, na Desemba 1991 mahakama ilimpa mwanamke mwingine aliyeshitaki, Mariann Hopkins, fidia ya zaidi ya dola milioni 7. Januari 1992 David Kessler, mkuu wa idara ya FDA isimamiayo chakula na dawa, aliwataka watengenezaji wasimamishe uuzaji, na Aprili mwaka huo akaruhusu mifuko itumike kwa utafiti tu, hasa kwa waliokatwa matiti. Dow Corning ikaacha biashara hiyo. Mwaka 1994 yakafikiwa mapatano ya dola bilioni 4.25, na mwaka 1995 kampuni ikaomba hifadhi ya waliofilisika.

Insafu yanilazimu niseme upande wa pili kwa uzito ule ule. Wengi wa walioshitaki walisema silikoni iliwaletea maradhi ya mwili mzima, ya viungo na ya kinga. Utafiti wa Mayo Clinic uliochapishwa mwaka 1994 haukuona uhusiano huo, na mwaka 1999 kamati ya wataalamu wa Taasisi ya Tiba ya Marekani, baada ya kuupima ushahidi wote, iliamua kwamba maradhi hayo hayakuthibitika kuletwa na silikoni, na kwamba madhara ya hakika ni yale ya mahali pale pale: kukaza kwa kovu, kupasuka, maambukizo, na kupasuliwa tena na tena. Wanawake wengine wangali wanalalamika uchovu, maumivu ya viungo na kusahausahau, na baadhi yao hupata nafuu mifuko iondolewapo. Malalamiko hayo yastahili kusikilizwa na kuchunguzwa, hata kama sababu yake haijabainika. Mwaka 2006 FDA iliiruhusu tena mifuko ya silikoni, na mwaka 2011 ikatangaza kwamba kati ya wanawake watano waliotiwa kwa ajili ya uzuri, mmoja huhitaji kuondolewa ndani ya miaka kumi, na kati ya waliojengewa titi baada ya maradhi, hufikia mmoja kwa kila wawili. Ahadi ya kudumu maisha yote ikafutwa kwa maandishi ya serikali.

Wakati huo huo Ulaya ilikuwa ikifanya kosa jipya. Katika mji wa La Seyne-sur-Mer, karibu na Toulon, kusini mwa Ufaransa, Jean-Claude Mas alianzisha mwaka 1991 kampuni ya Poly Implant Prothèse, na kwa muda wa miaka mingi aliijaza mifuko yake silikoni aliyoitengeneza mwenyewe kwa malighafi ya viwandani isiyoidhinishwa kwa tiba, kwa kuwa bei yake ilikuwa rahisi. Mifuko hiyo ilikuwa na cheti cha Ulaya. Shirika la Kijerumani la TÜV Rheinland lilikuwa likienda kukagua, lakini lilitoa taarifa kabla ya kwenda, na Mas alikiri kwa polisi kwamba aliwaamuru watumishi wake wawafiche wakaguzi ukweli. Mganga wa mifugo wa karantini ya Isiolo alimshika ng'ombe mwenyewe. Mkaguzi wa La Seyne-sur-Mer alishika makaratasi. Kwa cheti hicho mifuko ikatawanyika katika nchi 65, ikatiwa katika wanawake wapatao 300,000.

Wapasuaji wa Ufaransa ndio walioshtuka kuona wingi wa mifuko iliyopasuka. Machi 2010 wakaguzi wa serikali walifika kiwandani, wakakuta ushahidi wa malighafi isiyoruhusiwa, na mauzo yakasimamishwa. Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wake 30,000 waiondoe mifuko hiyo hata kama haijapasuka. Uingereza, iliyokuwa na wanawake wapatao 47,000 wenye mifuko hiyo, ilimkabidhi Sir Bruce Keogh uchunguzi, naye mwaka 2012 alitoa hesabu yake: baada ya miaka kumi mifuko ya Mas hupasuka kwa asilimia 15 hadi 30, na ya wengine kwa asilimia 10 hadi 14, jeli yake haikuonekana kuwa na sumu ya muda mrefu wala kuleta saratani, ila iliweza kuchokoza nyama na tezi. Desemba 2013 mahakama ya Marseille ilimhukumu Mas kifungo cha miaka minne na faini ya euro 75,000. Alifariki mwaka 2019. Juu ya TÜV, kesi zilipanda na kushuka mpaka mwaka 2021, mahakama ya rufaa ya Paris iliposema kwamba shirika hilo lilizembea.

Jambo lililowatesa wanawake baada ya kashfa ile, zaidi ya hofu ya jeli yenyewe, lilikuwa kutojua. Maelfu hawakujua ni mfuko wa nani walio nao. Waliandikia zahanati zao, na zahanati nyingine zilikuwa zimefungwa, nyingine zimepoteza mafaili, nyingine zilidai malipo ili ziyatafute. Kutokana na hayo Uholanzi na Australia zilianzisha madaftari ya kitaifa ya mifuko ya matiti mwaka 2015, na Uingereza mwaka 2016. Faida ya daftari haikukawia kuonekana: Julai 2019 kampuni ya Allergan iliirudisha kutoka duniani kote mifuko yake yenye ngozi ya kukwaruza, kwa sababu ilihusishwa na limfoma, saratani adimu iotayo katika kovu linalouzunguka mfuko na aghalabu huanza kwa titi kuvimba ghafula miaka kadhaa baada ya upasuaji. Nchi yenye daftari iliweza kuwajua watu wake. Isiyo nayo ilibaki kutangaza magazetini na kungoja nani atasoma. Oktoba 2021 FDA iliamuru kila kifurushi cha mfuko kiwe na onyo zito, na kila mwanamke asomewe orodha ya hatari kabla ya kutia sahihi; nayo hushauri apigwe picha ya altrasaundi au MRI mwaka wa tano au wa sita, na kila baada ya miaka miwili au mitatu tangu hapo.

Ushauri huo nausoma nikiwaza njia ya kutoka Isiolo. Kwa miaka mingi lami ya barabara kuu ya kaskazini ilikomea hapa, na ingawa leo inafika Moyale, mwanamke wa Merti au wa Garba Tula atakayehitaji MRI na mpasuaji wa matiti huenda akalazimika kushuka mpaka Nairobi, mwendo wa kilomita 280 na zaidi kutoka mjini Isiolo, pengine katika basi lile lile lililopakia maziwa ya ngamia ya akina mama wa Isiolo yaendayo Eastleigh. Kumwambia afanye hivyo kila baada ya miaka miwili ni kumwambia jambo zito, na mpasuaji mwaminifu atalitaja kabla ya upasuaji wa kwanza, si baada yake. Kwa aliyekatwa titi zipo njia nyingine ambazo hazina budi kuelezwa kwake: kulijenga kwa nyama na mafuta ya mwili wake mwenyewe, au kuvaa titi la kufumwa kwa uzi ndani ya sidiria, au kuacha kifua kilivyo, na katika hayo hapana la aibu. Waislamu miongoni mwetu wataka pia kujua hukumu ya dini. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Putrajaya mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kurudisha kilichoharibiwa na maradhi au ajali, na likakataza ule wa kubadili umbo lililo zima kwa kufuata matamanio. Kwa hiyo mwanamke aliyepatwa na saratani asidhani kwamba amefungiwa mlango.

Kenya inayo Halmashauri ya Dawa na Sumu, iliyokabidhiwa pia usimamizi wa vifaa vya tiba, na inayo Katiba ya mwaka 2010 ambayo kifungu chake cha 46 champa mnunuzi haki ya kupewa habari na ya kulindwa afya yake. Juu ya msingi huo naiomba serikali iweke daftari la kila kifaa cha kudumu kinachotiwa katika mwili wa Mkenya, liandikwe jina la kiwanda, namba ya kifaa, mwaka na hospitali, na hospitali za kaunti ziweze kulisoma, Isiolo ikiwa miongoni mwao. Nawaomba waganga na wauguzi wetu waongeze swali moja katika yale wamwulizayo kila mwanamke mwenye donge au tezi: je, umewahi kuwekewa kitu kifuani? Na wewe dada uliyewekewa, iwe ni Nairobi, Dubai, London au Minneapolis, usingoje daftari la serikali wala usizuiliwe na haya: itafute kadi uliyopewa siku ya upasuaji, na kama hukupewa waandikie waliokupasua wakupe, uihifadhi pamoja na kitambulisho chako, na umwonyeshe daktari wa kwanza atakayekuona kabla hajakupiga picha wala kukuandikia dawa.